Anwani na Msomaji: Jinsia na Hadhira katika Hadithi za Katuni za Japani

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1994, gazeti la katuni la Shukan Shonen Jump, linalotolewa kila wiki na kampuni ya Shueisha ya Tokyo, lilichapisha toleo moja kwa nakala 6,530,000. Idadi hiyo haijafikiwa tena na gazeti lolote la aina yake nchini Japani. Neno shonen lililomo katika jina la gazeti hilo maana yake ni mvulana. Kwa mhakiki anayetaka kujua hadithi pendwa husimuliwa na nani na kwa ajili ya nani, jina hilo linazua swali ambalo si jepesi kama linavyoonekana. Je, neno lililo juu ya jalada linaeleza msomaji alivyo, au linaeleza mhariri alivyomdhania msomaji?

Makala haya yanashikilia kwamba jinsia iliyoandikwa juu ya jalada ni anwani tu. Anwani humwonyesha tarishi mahali pa kuipeleka barua. Haimzuii mtu mwingine kuifungua. Katika historia ya katuni za Kijapani, ambazo wenyewe huziita manga (neno lisilo na nasaba yoyote na ile Manga ya pilipili), anwani hiyo iliandikwa na wanaume kwa muda mrefu, iwe barua ni ya wavulana au ya wasichana. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni lile lililotokea pale wasichana waliokuwa wakiandikiwa walipokua, wakashika kalamu wenyewe, wakabaki ndani ya anwani ile ile waliyopewa, na wakabadilisha kilichomo ndani ya bahasha.

Suala hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umeelekezwa kwa binti wa mtunzi. Hata hivyo umenakiliwa, umehaririwa na kuhakikiwa na watu ambao yamkini mtunzi hakuwahi kuwafikiria. Tofauti iliyopo baina ya msemewa aliye ndani ya matini na hadhira iliyo nje yake inafahamika vyema inapohusu utenzi. Inapofika zamu ya fasihi pendwa, tofauti hiyo husahauliwa upesi, na mhakiki huridhika kusema kwamba hadithi fulani ni "ya wasichana" kana kwamba kwa kusema hivyo amekwisha kuihakiki.

Chimbuko la mgawanyiko

Mgawanyiko wa magazeti ya vijana nchini Japani kwa misingi ya jinsia haukuanzia katika katuni. Ulianzia shuleni. Amri ya mwaka 1899 kuhusu shule za juu za wasichana iliutaka kila mkoa uwe na angalau shule moja ya namna hiyo, mbali na zile za wavulana. Kutokana na amri hiyo likazuka kundi la watu ambalo halikuwa na nafasi bayana katika jamii hapo awali: msichana aliyekwisha kuupita utoto, anayejua kusoma, na ambaye bado hajaolewa. Kundi hilo liliitwa shojo, na wachapishaji hawakukawia kuliona kuwa ni soko. Gazeti la Shojo-kai lilianza mwaka 1902, Shojo no Tomo likafuata mwaka 1908, na mwaka 1923 kampuni ya Kodansha ikaanzisha Shojo Club kama dada wa Shonen Club, lililokuwa limeanza mwaka 1914.

Magazeti hayo ya mwanzo yalijaa hadithi za nathari na picha za kuchorwa. Mwandishi Nobuko Yoshiya, ambaye visa vyake vya Hana Monogatari vilianza kutoka mwaka 1916, aliwapa wasichana hadithi za urafiki wa shuleni, za kuagana na za majonzi yasiyosemwa. Mchoraji Junichi Nakahara naye aliwapa sura: wasichana wembamba wenye macho makubwa yanayotazama mbali. Ni vyema kuyakumbuka macho hayo, kwa kuwa wengi huamini kwamba macho makubwa ya katuni za Kijapani yalitoka katika filamu za Marekani tu. Yalikuwa na ukoo mwingine wa nyumbani, tena katika kurasa za wasichana.

Kabla ya kufika kwenye katuni za wasichana zenyewe, ni lazima atajwe mwanamke mmoja ambaye historia za jinsia humpita kwa haraka kwa sababu haingii katika mgawanyiko huu. Machiko Hasegawa alianza kuchora Sazae-san mwaka 1946 katika gazeti la habari, akaendelea nayo hadi mwaka 1974. Mhusika wake mkuu ni mama wa nyumbani asiyeona haya kubishana na mume wala na baba, na msomaji wake alikuwa kila aliyenunua gazeti. Gazeti la habari halikuwa na jinsia juu ya jalada lake. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia Hasegawa kwamba anawaandikia wanawake.

Moyo wa kiume na moyo wa kike

Osamu Tezuka alipoanza kuchapisha Ribon no Kishi, yaani Shujaa wa Utepe, katika Shojo Club mwezi Januari 1953, alikuwa tayari amejipatia jina kwa hadithi za wavulana. Alikuwa amelelewa katika mji wa Takarazuka, ulio na kundi mashuhuri la maigizo ya nyimbo na ngoma lililoanzishwa mwaka 1913, ambamo nafasi zote, za kiume na za kike, huigizwa na wanawake. Tezuka mwenyewe hakuficha deni lake kwa jukwaa hilo.

Hadithi yenyewe inahusu Sapphire, binti wa mfalme aliyezaliwa na mioyo miwili, mmoja wa kiume na mwingine wa kike, kutokana na kosa la malaika mdogo kabla hajazaliwa. Kwa kuwa sheria ya nchi yake haimruhusu mwanamke kurithi kiti cha enzi, analelewa kama mwana wa kiume. Anapigana kwa upanga, anapanda farasi, na anawashinda wanaume wanaomfanyia hila. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa katika magazeti ambayo kwa kawaida msichana alilia katika kurasa nne kati ya kila tano.

Hata hivyo, mpangilio wa mioyo hiyo una fumbo linalopaswa kufumbuliwa. Ujasiri umewekwa upande wa moyo wa kiume, na upole upande wa moyo wa kike. Sapphire ni shujaa kwa sababu ana kitu cha mwanamume ndani yake, na hadithi inapofika ukingoni anaolewa na mwanamfalme Franz, na mambo yanarudi mahali pake. Tezuka alimpa msomaji wa kike ndoto ya upanga kwa miaka mitatu, kisha akauchukua upanga wake. Si haki kumlaumu kupita kiasi. Aliandika ndani ya wakati wake, na alikuwa mkarimu kuliko wenzake. Lakini jambo hili linaonyesha mipaka ya mtu anayemwandikia msomaji ambaye hajawahi kuwa yeye.

Wenzake walikuwa wengi. Magazeti ya Nakayoshi na Ribon yalianza kuuzwa kati ya mwishoni mwa 1954 na 1955, na ya kila wiki, Shojo Friend na Margaret, yakafuata mnamo 1963. Wanaume waliozijaza kurasa hizo, kama Shotaro Ishinomori, Fujio Akatsuka, Leiji Matsumoto na Mitsuteru Yokoyama, aghalabu walikuwa vijana waliokuwa wakisubiri nafasi katika magazeti ya wavulana. Ukurasa wa msichana ulikuwa kama uwanja wa mazoezi. Miongoni mwa wachoraji waliokaa katika jengo la Tokiwa-so mjini Tokyo, ambalo historia ya katuni hulisimulia kama nyumba takatifu, mwanamke alikuwa mmoja tu, Hideko Mizuno. Huyu ndiye aliyechora Fire! kati ya 1969 na 1971, hadithi ya mwimbaji wa roki wa Marekani, ambamo gazeti la wasichana lilimweka mwanamume kuwa mhusika mkuu na kumruhusu aharibikiwe.

Kilichobadilisha hali hiyo hakikuwa huruma ya wahariri. Magazeti ya kila wiki yalihitaji kurasa nyingi kuliko walivyoweza kuchora wanaume waliokuwapo. Ndipo wachapishaji wakaanzisha mashindano ya wachoraji wapya, na washindani wakawa ni wasomaji wenyewe. Machiko Satonaka alishinda tuzo ya Kodansha mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 16, bado mwanafunzi. Msomaji alikuwa amejibu barua.

Nyumba ya Oizumi

Kizazi kilichofuata kimepewa jina la Kundi la Mwaka wa 24, kwa kuwa inasemekana wanakundi walizaliwa katika mwaka wa 24 wa enzi ya Showa, yaani 1949. Jina hilo halina usahihi mkubwa. Moto Hagio alizaliwa mwaka huo, lakini Keiko Takemiya alizaliwa 1950, na Yumiko Oshima, Ryoko Yamagishi pamoja na Riyoko Ikeda walizaliwa 1947. Wala halikuwa kundi lenye ilani. Palikuwa na nyumba chakavu katika mtaa wa Oizumi, mjini Tokyo, ambamo Hagio na Takemiya waliishi pamoja kuanzia mwaka 1970, mkabala na nyumba ya rafiki yao Norie Masuyama, na ambamo wachoraji wengine vijana walikuja, wakalala sakafuni, wakasaidiana kazi na kubishana kuhusu riwaya na filamu za Ulaya.

Historia ya nyumba hiyo ilisimuliwa kwa muda mrefu kama ngano ya udugu wa wanawake. Takemiya alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2016. Mwaka 2021 Hagio naye akachapisha zake, na humo akaeleza kwamba urafiki ule ulivunjika kwa uchungu mwaka 1973, na kwamba hakutaka kipindi kile kipambwe. Wahakiki waliokwisha kulijenga "kundi" katika maandishi yao walilazimika kuyasoma upya. Kuna funzo la kitaaluma hapa: wanaume wawili wanaposhindana kwa kazi zinazofanana, huitwa mahasimu au shule mbili za mawazo, wanawake wakifanya vivyo hivyo, mhakiki huwatafutia kwanza udugu.

Hagio alikuwa amekataliwa mara kwa mara na wahariri wa Nakayoshi, waliotaka hadithi za kuchangamsha. Alipokelewa na mhariri Junya Yamamoto wa kampuni ya Shogakukan. Mwaka 1974 alianza kuchapisha Toma no Shinzo, yaani Moyo wa Thomas, katika Shukan Shojo Comic. Hadithi inaanza kwa kifo cha mvulana katika shule ya bweni nchini Ujerumani, na inaendelea kwa kuuliza wale waliobaki wamfanyie nini marehemu aliyewapenda. Katika kura za wasomaji, sura ya kwanza ilishika nafasi ya mwisho. Wahariri walitaka ikatizwe. Hagio aliomba apewe muda kidogo, na katika muda huo kitabu cha kwanza cha Poe no Ichizoku, hadithi yake ya ukoo wa wanyonya damu wasiozeeka, kilitolewa, na nakala zake 30,000 zikaisha madukani kwa siku chache. Moyo wa Thomas ikaachwa iendelee hadi mwisho wake.

Tukio hilo linafaa kuzingatiwa kwa makini. Kura ya wiki ilisema kwamba wasichana hawataki hadithi kama hizi. Mauzo ya kitabu yakasema kwamba wako wanaozitaka, tena kwa fedha zao. Vipimo vyote viwili vilihusu hadhira ile ile inayoitwa "wasichana". Kimoja kilimpima msomaji anayejaza kadi akiwa amelisoma gazeti kwa pupa. Cha pili kilimpima msomaji aliyekwenda dukani kukitafuta kitabu akikae nacho. Anayesema kuwa hadhira fulani inapenda hiki au kile hana budi kueleza kwanza ni kipimo gani alichotumia.

Kwa nini wavulana wa Ujerumani? Hagio ameeleza kwamba alipokuwa akiiandaa hadithi iliyoitangulia, Juichigatsu no Gimunajiumu ya mwaka 1971, alijaribu kuiweka katika shule ya wasichana, akaona mambo yanamlemea. Alipowageuza wahusika kuwa wavulana, kalamu ikawa nyepesi. Msomaji wa Kijapani alijua mno msichana anavyopaswa kukaa, kusema na kunyamaza. Kila tendo la mhusika wa kike lingepimwa kwa mizani hiyo. Mvulana wa shule ya mbali hakuwa kaka wa mtu. Aliweza kupenda, kutilia shaka imani yake na kujilaumu bila ya kuonekana amekosa adabu. Uhuru huo ulikuwa wa kweli, lakini ulilipiwa. Ili msichana aweze kusema yaliyo moyoni mwake, ilibidi kwanza aondolewe ukurasani.

Takemiya alikwenda mbali zaidi katika njia hiyo hiyo. Kaze to Ki no Uta, Wimbo wa Upepo na Mti, inayosimulia penzi na maangamizi ya vijana wawili, Gilbert na Serge, nchini Ufaransa, aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wahariri hawakuikubali. Alichora kwanza Farao no Haka, hadithi ya vita na visasi katika Misri ya kale, kwa nia ya kupanda katika kura za wasomaji na kujipatia haki ya kuchora alichotaka. Kaze to Ki no Uta ilianza kutoka mwaka 1976 na kukamilika mwaka 1984. Wakati huo huo, kuanzia 1977, Takemiya alikuwa akichapisha Terra e, hadithi ya kisayansi, katika gazeti lenye jina la wavulana, Gekkan Manga Shonen. Ilipata tuzo ya Seiun, ya wapenzi wa bunilizi za kisayansi, mwaka 1978. Mkono mmoja uliandika anwani mbili, na hakuna ushahidi kwamba wino ulibadilika.

Mchango wa kifani wa waandishi hawa haupaswi kufunikwa na maudhui. Katika magazeti ya wavulana, ukurasa uligawanywa katika visanduku vilivyofuatana kama hatua za mtu anayekimbia. Katika kurasa za wasichana, mipaka ya visanduku ilivunjwa; umbo la mhusika lilisimama kutoka juu ya ukurasa hadi chini, na maua au giza likachukua nafasi ya mandhari. Muhimu zaidi, maneno yalitoka nje ya viputo. Usemi wa nafsini uliachwa uelee juu ya picha, bila ya kuambatana na kinywa cha mtu, hivi kwamba mara nyingine msomaji hana hakika kama anayesema ni mhusika, ni msimulizi, au ni mhusika huyo huyo akikumbuka miaka mingi baadaye. Wahakiki wa kiume wa wakati ule walioziita kurasa hizo vurugu hawakuwa wamejifunza kuzisoma. Mitsuru Adachi, mwanamume aliyechora katika gazeti la wasichana katika miaka ya 1970, alizisoma vizuri: alipohamia kwenye gazeti la wavulana la Shonen Sunday na kuchora Touch kati ya 1981 na 1986, alikwenda na ule ukimya, na hadithi ya besiboli ikajaa mapengo ambayo msomaji hujaza mwenyewe.

Upanga wa Oscar

Riyoko Ikeda alichagua njia iliyo kinyume na ya Hagio. Badala ya kumtoa mwanamke ukurasani, alimvika sare ya jeshi. Berusaiyu no Bara, Waridi la Versailles, ilichapishwa katika Margaret mnamo 1972 na 1973. Ikeda aliitegemeza juu ya wasifu wa Marie Antoinette ulioandikwa na Stefan Zweig, na wahariri walimtahadharisha kwamba wasichana hawasomi historia. Mhusika mkuu alikusudiwa awe malkia. Oscar, binti aliyelelewa na baba yake jenerali kama mwana wa kiume kwa sababu nyumba haikuwa na mrithi, alikuwa mhusika wa pembeni. Ni wasomaji waliomleta mbele, na mwandishi akawasikiliza.

Ukimlinganisha Oscar na Sapphire, tofauti ya miaka ishirini inaonekana wazi. Oscar hana mioyo miwili. Ana moyo mmoja, na ni wa mwanamke ambaye ni hodari wa upanga kwa kuwa amefunzwa. Hakuna malaika wa kusahihisha kosa, kwa sababu hakuna kosa. Aidha, swali lake kuu linaacha taratibu kuwa ni la jinsia na kuwa la tabaka. Oscar ni kamanda wa walinzi wa malkia. André, anayempenda, ni mjukuu wa yaya wa nyumbani kwao. Kadiri hadithi inavyosonga ndivyo anavyoona njaa ya watu wa Paris, ndivyo sare yake inavyomuumiza. Anaacha ulinzi wa kifalme, anaongoza askari wa kawaida, na mwezi Julai 1789 anageuza mizinga kuelekea Bastille, na anakufa siku ile ile ngome inapoanguka. Hapo hapana ndoa ya kumrudisha mahali pake.

Kwamba mapinduzi ya Ufaransa yalisimuliwa kwa wasichana wa shule katika gazeti la kila wiki, katikati ya matangazo ya vifaa vya shule na peremende, ni jambo ambalo wahakiki wa fasihi pendwa hawajalipima vya kutosha. Mwaka 1974 kundi la Takarazuka liliigiza hadithi hiyo jukwaani, na Oscar akaigizwa na mwanamke anayeigiza mwanamke aliyelelewa kama mwanamume. Deni alilochukua Tezuka kwa jukwaa lile lilikuwa limelipwa kwa riba. Mwaka 2009 serikali ya Ufaransa ilimtunuku Ikeda nishani ya Légion d'honneur.

Kadi ya maoni

Inabakia kurejea kwenye gazeti lililofungua makala haya. Shonen Jump lilianzishwa mwaka 1968, likiwa limechelewa kuliko wapinzani wake wawili, Shonen Magazine na Shonen Sunday, waliotoka siku moja, tarehe 17 Machi 1959. Lilijenga himaya yake juu ya wachoraji wapya na juu ya kadi ya maoni iliyomtaka msomaji achague hadithi tatu zilizompendeza zaidi. Hadithi mpya isiyofua dafu katika kura iliweza kukomeshwa baada ya wiki kumi hivi. Kaulimbiu yake ya urafiki, bidii na ushindi inaonekana kama katiba ya uvulana.

Lakini katiba hiyo ilikuwa na raia ambao hawakuandikishwa. Captain Tsubasa, hadithi ya kandanda ya Yoichi Takahashi iliyotoka kati ya 1981 na 1988, haikuwapa wasichana nafasi kubwa ndani ya hadithi. Wao wakaichukua nje yake. Katika soko la vijarida vinavyochapishwa na wapenzi wenyewe, lililoanza mjini Tokyo mwezi Disemba 1975 likiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule, hadithi za wachezaji wa Tsubasa zilizotungwa upya na wanawake ziligeuka kuwa wimbi katikati ya miaka ya 1980. Walipokea neno "urafiki" kutoka kwenye kaulimbiu ya gazeti la wavulana, wakalisoma kwa jicho lililofunzwa na Hagio na Takemiya, na wakalipa maana ambayo mhariri hakuikusudia. Wachapishaji walijua. Hawakubadilisha jina la gazeti, kwa sababu jina lilikuwa linauza. Waliendelea kuandika barua kwa mvulana huku wakijua dada yake anaifungua.

Njia ya kurudi nayo ilikuwapo. Rumiko Takahashi, mwanamke, alichora Urusei Yatsura katika Shonen Sunday kuanzia 1978, kisha Ranma ½ kuanzia 1987, ambayo shujaa wake hugeuka msichana kila anapomwagiwa maji baridi na kurudi kuwa mvulana kwa maji moto. Kile ambacho kwa Tezuka kilihitaji malaika, kwa Takahashi kilihitaji birika. Na mnamo Disemba 1991 Naoko Takeuchi alianza kuchapisha Bishojo Senshi Sera Mun katika Nakayoshi, akachukua muundo wa kikosi cha mashujaa wenye rangi mbalimbali uliokuwa mali ya vipindi vya wavulana, akawavika wanachama wake sare za shule za wasichana. Usagi, kiongozi wao, ni mvivu, mlaji na mwepesi wa kulia, naye anaiokoa dunia pasipo kuacha hata kimoja cha vilema hivyo. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1990, gazeti la Ribon lilifikia nakala milioni 2.55 kwa mwezi, idadi ambayo historia nyingi za katuni huitaja kwa sauti ya chini, baada ya ile ya Jump.

Tuzo za kitaaluma zimefuata anwani badala ya msomaji. Tuzo ya katuni ya Kodansha ilipoanza mwaka 1977 ilikuwa na kitengo cha wavulana na kitengo cha wasichana. Hadithi iliingizwa katika kitengo kulingana na gazeti ilimotoka. Hagio alipata tuzo ya Shogakukan mwaka 1976 kwa Poe no Ichizoku pamoja na Juichinin Iru!, hadithi ya wanafunzi waliomo ndani ya chombo cha angani, mmojawao akiwa kiumbe ambaye jinsia yake bado haijaamuliwa na ambaye anasubiri kupewa haki ya kuichagua. Ilitoka katika gazeti la wasichana. Mwaka 2019 serikali ya Japani ilimtambua Hagio miongoni mwa watu waliotukuka katika utamaduni. Takemiya alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kutoka 2014 hadi 2018, akifundisha sanaa ambayo katika ujana wake ilihesabiwa kuwa mchezo wa wasichana.

Katika duka la vitabu la Japani, vitabu vya katuni hadi leo hupangwa aghalabu kwa kufuata mchapishaji na kundi la gazeti hadithi ilipotokea mara ya kwanza. Kwa mpango huo Ranma ½ husimama upande wa wavulana na Waridi la Versailles upande wa wasichana. Juichinin Iru! na Terra e, hadithi mbili za anga za juu zilizotungwa na wanawake wawili waliowahi kulala chini ya paa moja huko Oizumi, zilizaliwa katika pande mbili tofauti, na mwanafunzi anayetaka kuzisoma pamoja atapita baina ya rafu hizo na kuzitoa mwenyewe.